Mwenye Sare Mbili

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka C
Masomo: Sefania 3:14-18, Wafilipi 4:4-7, Luka 3:10-18



Wapendwa wasikilizaji, Dominika ya leo Kanisa huiita Dominika ya Furaha. Padre aweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Mtume Paulo anawahimiza Wafilipi wafurahi katika Bwana. Naye Nabii Sefania anatuambia jambo ambalo pengine hatulitafakari vya kutosha, kwamba Mungu aliye katikati ya watu wake anawafurahia hata kuwaimbia. Tumezoea kusema kwamba binadamu humwimbia Mungu. Nabii anatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyetangulia. Kabla sisi hatujafungua vinywa vyetu, Yeye alikwisha kutuimbia.

Kwa hiyo tumeona vema leo kuzungumza juu ya waimbaji wetu. Katika majuma haya ya Majilio, ukipita jioni karibu na kanisa la parokia, utasikia mazoezi yakiendelea. Sauti ya kwanza wanarudia mstari uleule mara ya sita, besi wamechelewa kuingia, na mwalimu wa kwaya anagonga dawati kwa kalamu akiwaomba waanze upya. Mlangoni limebandikwa tangazo la tamasha la nyimbo za Noeli. Watu hao wametoka shambani, sokoni na ofisini. Wengine watarudi nyumbani gizani kwa miguu, na hakuna anayewalipa. Tunawashukuru. Kanisa letu lingekuwa kimya mno bila wao.

Hata hivyo, shukrani ya kweli haifichi neno linalopaswa kusemwa. Injili ya leo inatupa njia ya kulisema.

Watu walimwendea Yohane Mbatizaji mtoni Yordani, wakamwuliza swali moja: tufanye nini? Waliuliza makutano, wakauliza watoza ushuru, wakauliza na askari. Yohane, aliyekuwa akiishi jangwani kwa nzige na asali ya mwitu, hakuwaagiza wamfuate jangwani. Alimrudisha kila mmoja kwenye kazi yake na nyumba yake, akagusa mambo haya matatu: mavazi, fedha na nguvu. Na mambo hayo matatu, wapendwa, ndiyo hasa yanayopatikana ndani ya kila kwaya inayoandaa tamasha. Basi leo tuiweke kwaya yetu katika msururu ule wa Yordani, nayo iulize: na sisi waimbaji, tufanye nini?

Kwanza, mavazi. Yohane aliwajibu makutano kwamba mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Hahitajiki mfafanuzi wa Maandiko ili tuyaelewe maneno hayo. Ugumu wake hauko katika kuyaelewa.

Tumfikirie mama mmoja. Hatutaji parokia, kwa maana kila msikilizaji aweza kumkuta katika parokia yake. Ni mjane, huuza vitumbua alfajiri kandokando ya barabara, na kwa miaka kumi na miwili ameimba sauti ya pili. Hajui kusoma nota, lakini akisikia wimbo mara mbili ameushika, na wasichana wanaojiunga husimama karibu naye ili wasipotee. Mwezi wa Oktoba viongozi wanatangaza sare mpya ya tamasha: kitenge cha rangi ya dhahabu, gharama ya fundi, na viatu vyeupe. Hiyo ni sare ya tatu katika mwaka mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Pasaka, ya pili ya sikukuu ya somo wa parokia. Mama anatoa nusu ya mchango. Nusu ya pili inakwenda kwenye dawa za mtoto. Juma la mwisho yanasomwa majina ya waliokamilisha, na jina lake halimo. Hakuna aliyemfukuza. Ameambiwa tu, tena kwa upole, kwamba asiye na sare ataharibu safu.

Usiku wa tamasha yuko nyumbani. Kanisa si mbali, na upepo unamletea nyimbo ambazo anazijua zote. Mwezi wa Januari haji tena mazoezini. Ifikapo Kwaresima haonekani hata Misani, na katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, pameandikwa neno moja: mtoro.

Tujiulize kwa utulivu ni nani hapo aliyetoroka. Je, ni yeye aliyeiacha kwaya, au ni kwaya iliyomwacha yeye?

Hatusemi kwamba sare ni kitu kibaya. Sare ilibuniwa kwa nia njema kabisa. Mke wa tajiri na mke wa mkulima wakivaa kitambaa kimoja, macho hayawezi kuwatenganisha. Wote wanakuwa waimbaji tu mbele za Mungu. Sare ilikusudiwa kumfunika maskini asiaibike. Lakini inapobadilishwa mara tatu kwa mwaka, kitambaa kilekile kilichokusudiwa kumfunika ndicho kinachomvua mbele ya watu. Dawa imegeuka kuwa ugonjwa.

Na tutazame Betlehemu. Katika masimulizi ya usiku ule Mwinjili Luka anataja mavazi ya mtu mmoja tu, nayo ni vile vitambaa alivyoviringishiwa Mtoto. Wachungaji walipewa vitambaa hivyo na hori ya kulia ng'ombe kuwa ishara ya kumtambua Mwokozi. Wao wenyewe walikwenda na nguo zilezile walizokuwa wamelalia makondeni, wala hakuna aliyewazuia kuingia.

Pengine mtu atasema kwamba tamasha bila mavazi mapya na vyombo vya kisasa halina heshima. Tumkumbushe habari ya wimbo wa Noeli unaojulikana kwa Kijerumani kwa jina la Stille Nacht, ambao leo huimbwa katika mamia ya lugha. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na padre kijana, Joseph Mohr. Tarehe 24 Desemba 1818 alimwomba mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, ayatungie sauti, na usiku uleule wawili hao wakauimba katika kanisa la Oberndorf, mji mdogo wa mabaharia wa mtoni karibu na Salzburg, nchini Austria. Zilikuwa sauti mbili na gitaa moja. Wimbo ulioanza kwa umaskini namna hiyo umeuzunguka ulimwengu wote.

Basi jibu la Yohane kwa waimbaji ni hili. Kwaya iliyo na sare ya Pasaka kabatini inayo kanzu mbili tayari. Ivae ileile. Au wote wavae shati jeupe na sketi au suruali nyeusi ambayo kila mtu anayo au aweza kuazima kwa jirani. Na kama ni lazima kushona, basi wenye nafasi wamshonee asiye na nafasi, tena kwa siri, ili mkono wa kushoto usijue lililofanywa na mkono wa kuume.

Pili, fedha. Watoza ushuru walipouliza, Yohane hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi kilichowekwa. Hapo mweka hazina wa kwaya aweza kupumua, kwani naye haambiwi aache kazi yake. Kwaya inahitaji fedha. Kinanda huharibika, nauli ya kwenda vigangoni hupanda, vitabu vya nyimbo huchanika. Swali si kama tukusanye fedha, bali tunazikusanya kwa nani, mahali gani, na kwa ajili ya nani.

Kanisa limekwisha kutupa mwongozo. Tarehe 5 Novemba 1987, ofisi ya Kiti Kitakatifu inayosimamia Ibada iliwaandikia marais wa Mabaraza ya Maaskofu barua kuhusu matamasha ya muziki makanisani. Barua hiyo haiyakatazi. Inakubali kwamba muziki mtakatifu waweza kuwatayarisha watu kwa sikukuu kubwa na kuzirefusha furaha zake. Lakini inaweka masharti. Waimbaji wasijipange patakatifuni karibu na altare. Ekaristi Takatifu, kadiri inavyowezekana, ihifadhiwe katika kikanisa cha pembeni au mahali pengine salama na pa heshima. Mavazi ya waimbaji na ya wasikilizaji yalingane na utakatifu wa mahali. Pawepo maelezo ya kuwasaidia watu wasali kwa moyo, yasiwe ya sanaa na historia peke yake. Na sharti ambalo tunalisahau upesi kuliko mengine ni hili: kuingia kanisani kwa tamasha kuwe bure, na mlango uwe wazi kwa wote.

Wapendwa, mlango wa kanisa haukatiwi tikiti. Tunapoweka meza ya kiingilio chini ya mnara wa kengele, tunamwambia mtoto asiye na shilingi kwamba nyumba ya Baba yake leo imekodishwa. Tunapoweka viti vya mbele kwa wenye kadi za mwaliko na bahasha nene, tunasahau kwamba Mtume Yakobo aliwakemea Wakristo kwa jambo hilohilo, walipompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Kama kwaya inahitaji kufanya harambee, iko kumbi. Na hata kanisani, wimbo wa mwisho ukiisha, kikapu chaweza kuwekwa mlangoni, kila mmoja atoe kwa hiari yake. Kisha Dominika inayofuata mapato na matumizi yasomwe hadharani. Hesabu inayosomwa kwa sauti huzuia masengenyo mengi.

Tena tunao mfano mzuri kutoka mbali. Kwaya zetu nyingi huimba ile Haleluya ya Georg Friedrich Händel, na wengi huidhani ni wimbo uliotungwa kwa ajili ya fahari ya wafalme. Kazi nzima ambayo Haleluya hiyo ni sehemu yake iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, nchini Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, nayo ilikuwa tamasha la huruma. Mapato yake yaligawanywa kati ya hospitali mbili na mfuko wa kuwasaidia watu waliofungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Kwa fedha hizo wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakaachiliwa. Tena, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mdogo, wanawake waliombwa waje bila zile sketi pana zilizotanuliwa kwa pete, na wanaume waje bila panga zao, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Mnaona, wapendwa? Mabibi wa mji mkubwa waliombwa wapunguze mavazi yao ili jirani apate pa kukaa, na kwa fedha ya tamasha watu wakarudi nyumbani kwa watoto wao. Tuwaulize viongozi wa kwaya: tamasha letu la mwaka huu litamfungua nani?

Tatu, nguvu. Askari nao waliuliza, na Yohane aliwaambia wasimdhulumu mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Mwimbaji atasema: sisi si askari, hatuna bunduki. Ni kweli. Lakini katika kwaya kuna nguvu pia. Mwalimu anayo nguvu ya kumpa mmoja nafasi ya kuimba peke yake na kumnyima mwingine. Wenyeviti wanayo nguvu ya kufuta jina. Wenye maneno wanayo nguvu ya kusema pembeni kwamba fulani ana majivuno, fulani amekula mchango, na ikawa hivyo bila ushahidi. Kwaya ngapi zimegawanyika mara mbili usiku wa manane wa tamasha, kila upande ukiondoka na nusu ya vitabu! Wanaimba amani duniani, na kesho yake hawasalimiani kisimani.

Kutosheka na mshahara, kwa mwimbaji, ni kutosheka na kuimba kwenyewe. Vigelegele na makofi vikija, ashukuru. Visipokuja, wimbo ulikwisha kufika ulikokuwa ukienda. Kwaya jirani ikiimba vizuri kuliko sisi, na tufurahi, maana anayesifiwa ni mmoja.

Ipo na nguvu nyingine ambayo kwaya hutumia pasipo kujua, nayo ni nguvu ya kuwanyamazisha waamini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka kwaya zikuzwe kwa bidii, na papo hapo ukataka waamini wote waweze kushiriki kuimba. Hayo mawili yalisemwa pamoja wala hayapaswi kutenganishwa. Maagizo juu ya muziki katika Liturujia ya tarehe 5 Machi 1967 yalieleza zaidi, kwamba si jambo la kukubaliwa kuiachia kwaya nyimbo zote za Misa hata waamini wasipate sehemu yao kabisa. Konstitusio hiyohiyo iliagiza muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Ndiyo sababu leo ngoma, kayamba na vigelegele vinamsifu Mungu ndani ya makanisa yetu. Lakini ngoma inayopigwa kwa ustadi huku kanisa zima limekaa kama watazamaji wa mpira bado haijamaliza kazi yake. Bibi mzee wa benchi la nyuma, aliyeshika nyimbo za Noeli tangu ukatekumeni wake, naye ana haki ya kuimba usiku ule. Tamasha lisilomwachia hata wimbo mmoja limemnyang'anya kitu kilicho chake.

Na hapa tunafika Betlehemu kwa utimilifu. Tamasha la kwanza la Noeli lilifanyika usiku, mahali pa wazi pasipo mlango. Waimbaji walikuwa jeshi la mbinguni. Wasikilizaji walikuwa wachungaji, watu wa kulala na mifugo, ambao wakubwa wa mji wasingekumbuka kuwapelekea kadi. Lakini tusome mpaka mwisho. Malaika waliondoka, mbingu zikanyamaza, na wachungaji wakaenda kumwona Mtoto. Kisha Luka anasema kwamba walirudi wakimtukuza na kumsifu Mungu. Waliokuwa wasikilizaji wamekuwa waimbaji. Malaika hawakushuka ili wasifiwe kwa sauti zao. Walikuja kuuwasha wimbo katika vifua vya watu maskini, kisha wakaondoka.

Hicho ndicho kipimo, wapendwa. Mafanikio ya tamasha hayapimwi kwa idadi ya kanda na picha zilizochukuliwa, wala kwa mgeni rasmi alitoa kiasi gani. Yanapimwa kwa swali hili: walioingia wakiwa kimya, je, walitoka wakiimba? Na wale wasioweza kuingia, je, wimbo uliwafuata?

Kwa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tunaacha mambo matatu ya kufanya kabla ya Noeli. La kwanza, jioni ya leo lichukuliwe daftari la mahudhurio la kwaya. Majina yaliyoandikwa utoro yasomwe polepole, na kwa kila jina waende watu wawili nyumbani kwake, si kumwuliza deni lake, bali kumwambia kwamba sauti yake inatafutwa na nafasi yake katika safu ingali wazi. La pili, katika ratiba ya tamasha ziwekwe walau nyimbo tatu ambazo kanisa zima litaimba, mwalimu akiwageukia waamini. La tatu, kipindi cha Noeli hakiishi tarehe 25. Kinaendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Katika siku hizo kwaya iende pasipo sare na pasipo vipaza sauti, ikaimbe nyimbo zilezile kando ya kitanda cha mgonjwa, katika wodi ya wazazi, na kwa wafungwa kama wakuu wa gereza wataruhusu. Huko hakuna atakayetazama viatu.

Yohane alisema kwamba ajaye ana nguvu kuliko yeye, na pepeto li mkononi mwake la kutenga ngano na makapi. Tusingoje ajapo ndipo aanze kutenga. Tupepete sisi wenyewe tamasha letu: makapi ya fahari na magomvi yapeperuke, ibaki ngano, nayo ni wimbo wa watu wote kwa Mungu aliyetangulia kuwaimbia.

Mungu mwenye furaha, uliyeamua kuzaliwa mahali pasipo na nafasi, utufundishe kufanya nafasi. Uwabariki waimbaji wetu, walimu wao na vikoba vya wajane wanaowachangia. Na usiku wa Noeli utakapofika, asikosekane katika safu yetu hata mmoja uliyempa sauti. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.